Je, Wajua? Siku Seli Moja Inapokataa Kushirikiana

Je, wajua kwamba mwili wako una seli zipatazo trilioni 30, na kwamba zote zimetokana na seli moja? Siku mimba ilipotungwa ulikuwa seli moja tu. Ikagawanyika ikawa mbili, nne, nane, mpaka akapatikana mtu mzima anayesoma ukurasa huu. Kila moja ikapewa kazi: hii ya ini, hii ya mfupa, hii ya ngozi. Na karibu zote zikakubali sharti gumu, kwamba hazitaacha mtoto. Haki ya kuanzisha mtu mpya ilibaki kwa mayai na mbegu za uzazi peke yake.

Je, wajua kwamba mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo? Uhai duniani una miaka ipatayo bilioni 3.5, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kila seli iliishi kivyake, ikila inachokipata na kugawanyika kila ilipoweza. Wanyama wenye seli nyingi walitokea takriban miaka milioni 600 iliyopita. Kwa hiyo ushirika wa seli ni sheria changa, na chini yake imelala tabia ya kale ya kila mmoja na lwake. Saratani, ambayo hapa Kisangani wengi tunaiita kansere, ni seli iliyoirudia tabia hiyo ya kale ndani ya mwili usioweza tena kuivumilia.

Mwaka 2015 mtafiti wa Marekani, Athena Aktipis, pamoja na wenzake, walieleza kwamba ushirika huo unasimama juu ya masharti matano. Ukitaka kuyaelewa bila kitabu, nenda Wagenia, pale maporomoko ya mwisho kati ya saba ya Boyoma yanapoingia mjini kwetu. Miti mikubwa imesimikwa kwenye miamba katikati ya maji yanayochemka, imefungwa kwa kamba za msituni, na madema yenye umbo la tarumbeta yananing'inia juu yake. Hakuna mwanamume awezaye kusimika mti ule peke yake. Jumuiya ya namna hiyo haiishi bila masharti: watu wasiongeze madema ovyo, kila mtu ashike kazi yake, samaki wagawanywe, mti uliooza ung'olewe hata kama mwenyewe anaupenda, na maji yasichafuliwe. Seli nazo zinadaiwa hayo hayo: zisigawanyike ovyo, zifanye kazi zilizopewa, zigawane chakula na hewa, zikubali kufa zikiharibika, zitunze mahali zinapoishi. Chunguza uvimbe wowote wa saratani utakuta masharti hayo yamevunjwa, moja baada ya jingine.

Sharti la kufa ndilo linalonishangaza kuliko yote. Kila siku mwili wako unazifanya upya seli zipatazo bilioni 330, nyingi zikiwa za damu. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha inapisha nyingine. Seli nyingi zilizochoka au kuharibika hujimaliza zenyewe kwa utaratibu: hujikatakata vipande vidogo, na seli za jirani huvimeza bila vita wala usaha. Wanasayansi watatu, Kerr, Wyllie na Currie, waliueleza utaratibu huo na kuupa jina rasmi mwaka 1972.

Je, wajua kwamba vidole vyako vilitengana kwa sababu seli zilizokuwa kati yake zilikufa ulipokuwa tumboni?

Sasa tufike kwenye kiini. Kila seli inapogawanyika inanakili maandishi yote ya urithi, na katika kunakili makosa hutokea. Mengi hayana madhara. Lakini kosa likiipa seli uwezo wa kugawanyika haraka kidogo kuliko jirani zake, watoto wake wataongezeka, na mmoja wao akipata kosa la pili atawashinda hata ndugu zake. Mwaka 1976 Peter Nowell wa Marekani aliandika makala fupi akieleza kwamba uvimbe hukua kwa njia ile ile ambayo viumbe hubadilika porini: tofauti, ushindani, na kubaki kwa aliyefaulu. Ila hapa aliyefaulu anaua nyumba anamoishi. Ndani ya mwili, mageuzi hayaangalii kesho.

Je, wajua kwamba hata mtu mzima mwenye afya amebeba seli zenye kasoro za saratani? Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichunguza ngozi ya kope za watu wa makamo, ngozi isiyo na ugonjwa wowote, wakakuta takriban robo ya seli zina kasoro katika jeni zinazohusika na saratani. Zimepotoka kidogo, lakini bado zinatii. Jirani zinazibana, kinga inazidhibiti, na maisha yanaendelea. Habari hii inanipa moyo kuliko inavyonitisha. Ushirika una nguvu kuliko tunavyodhani, na haubomoki kwa kosa moja.

Na tembo je? Ana seli nyingi kuliko wewe mara mia hivi, na anaishi miaka 60 na zaidi. Kama kila seli ingekuwa na hatari ile ile, tembo wote wangekufa kwa saratani kabla ya kuzaa. Sivyo ilivyo. Fumbo hilo linaitwa kwa jina la Richard Peto, Mwingereza aliyeliandika miaka ya 1970. Jibu moja lilipatikana mwaka 2015. Binadamu ana nakala moja ya jeni p53 kutoka kwa kila mzazi, jeni inayokagua seli na kuiamuru ife ikiwa imeharibika. Tembo wa Afrika ana nakala zipatazo 20. Seli yake ikijeruhiwa, hujiua kwa urahisi kuliko ya binadamu. Katika uchunguzi uliotoa matokeo hayo, tembo waliokufa kwa saratani walikadiriwa kuwa chini ya 5 kwa kila 100, na kwa binadamu ni kati ya 11 na 25. Tembo wa msituni bado wanatembea katika mkoa wetu, kusini huko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Lomami iliyotangazwa mwaka 2016 kati ya Tshopo na Maniema. Anayewaua kwa ajili ya pembe anaua pia kiumbe aliyeipata dawa ya saratani kabla ya madaktari wote.

Njia nyingine ya kuikwepa saratani iko Kenya, chini ya ardhi. Fuko asiye na manyoya, anayeishi Kenya, Ethiopia na Somalia, ana umbo la panya lakini huishi zaidi ya miaka 30, na saratani kwake ni nadra mno. Mwaka 2013 ilibainika kwamba seli zake zimezungukwa na ute mzito unaozifanya ziache kugawanyika mapema, kabla hazijasongamana.

Mimea nayo hupata uvimbe. Ukitembea Yangambi, kilomita kama 100 chini ya mto kutoka hapa, ambako Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1933, utaona miti yenye nundu kubwa ubavuni. Lakini seli ya mmea imefungiwa ndani ya ukuta wake mgumu, haiwezi kusafiri kwenda tawi lingine. Nundu inabaki nundu, na mti unaendelea kuzaa. Kwa binadamu kinachoua mara nyingi ni seli zilizohama, zikaenda kujenga kwenye ini, mapafu au ubongo.

Je, wajua kwamba nyuki nao walipatwa na msiba wa aina hii? Mwaka 1990 wafugaji wa Afrika Kusini waliwahamisha nyuki wa Rasi kwenda kaskazini, kwenye eneo la nyuki wengine. Mfanyakazi wa nyuki wa Rasi anaweza kutaga mayai yanayozaa majike bila dume, yaani anajinakili. Kizazi cha mfanyakazi mmoja kikaingia kwenye mizinga ya wenyeji. Wakaacha kufanya kazi, wakataga mayai tu, wakalishwa na wenye mzinga, mpaka mzinga ukafa nao wakahamia mwingine. Maelfu ya mizinga yalipotea. Popote viumbe wanapoishi kwa kutegemeana, mlango wa msaliti uko wazi, na kila jumuiya iliyodumu imedumu kwa sababu ina walinzi.

Upande wetu wa Afrika una sehemu kubwa katika elimu hii kuliko tunavyofundishwa shuleni. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya, juu na chini. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine wa namna hiyo katika hospitali ya Jinja. Burkitt, aliyekuwa na jicho moja tu baada ya ajali ya utotoni, akaanza kuuliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri maili 10,000 kwa wiki 10 kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, hospitali baada ya hospitali. Ramani waliyorudi nayo ilifanana na ramani ya joto na mvua. Karibu na ikweta, ugonjwa ulitoweka juu ya mita 1,500 hivi, kule kwenye baridi ambako mbu wa malaria nao hupungua.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti mmoja, Anthony Epstein, aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji, akashawishika kwamba kuna virusi nyuma ya jambo hili. Kwa miaka miwili alipokea vipande vya uvimbe kutoka Uganda bila kuona kitu. Desemba 1963 ukungu ulifunga kiwanja cha ndege cha London, na ndege iliyobeba kipande kingine ikatua Manchester. Chupa ilipomfikia, maji yake yalikuwa na utusitusi kama maji yaliyooza. Mwingine angeyamwaga. Yeye akaweka tone chini ya hadubini, akaona seli za uvimbe zikielea moja moja, hai, zikijitenga zenyewe na kipande. Akazikuza, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Elimu hiyo ilitoka kwenye taya la mtoto wa Kiafrika.

Je, wajua kwamba wewe unayesoma hapa, karibu kwa hakika unavyo virusi hivyo? Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo, na kwa kawaida vinalala tu. Shida inakuja malaria inapomrudia mtoto mara kwa mara. Seli za kinga zinazotengeneza silaha za mwili zinalazimika kugawanyika bila kupumzika, na ili kutengeneza silaha hizo zinakata na kuunga maandishi yao wenyewe. Siku moja mkato unakosea: kipande cha kromosomu ya 8, chenye jeni MYC inayoamuru seli igawanyike, kinaungwa kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni isiyolala. Kuanzia hapo amri ya kugawanyika haizimwi tena. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, katikati ya mvua na msitu. Tuko ndani ya ramani ya Burkitt. Chandarua kinachotundikwa Mangobo au Lubunga kinamkinga mtoto na homa, na pia kinazipunguzia seli zake nafasi ya kukosea.

Tupige hesabu kidogo. Uvimbe wenye ukubwa wa punje ya karanga una seli zipatazo bilioni moja. Kutoka seli moja mpaka bilioni inatosha kuongezeka mara mbili, kisha mara mbili tena, jumla mara 30. Saratani ile ya taya, inayoitwa ya Burkitt, ni miongoni mwa zile zinazokua kwa kasi kuliko zote: seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Kwa hesabu hiyo, ni mwezi mmoja au miwili kutoka seli isiyoonekana mpaka uvimbe unaoshikika. Anayesema "tungoje Jumapili tuone" hajui anashindana na nani.

Na karanga yenyewe nayo ina habari yake. Ukiinunua sokoni, imwage kiganjani uitazame: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu wa kijani au manjano, itupe, wala usiikaange ukidhani moto utaiponya. Ukungu huo hutoa sumu ya aflatoksini, na moto wa jikoni hauimalizi. Sumu hiyo ikifika kwenye ini inabadilisha herufi moja mahali maalumu kwenye jeni p53, ile ile ambayo tembo amejaliwa nakala 20. Mlinzi mmoja tuliyepewa anapofushwa kwa herufi moja. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, wakafa 125 kwa kuharibika ini. Hao ni wale waliokula nyingi kwa pamoja; wanaokula kidogo kidogo kwa miaka hawahesabiwi namna hiyo. Hatari inaongezeka sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina B. Chanjo dhidi ya virusi hivyo imo ndani ya ile ya pentavalenti, ambayo watoto wa Kongo hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Kwa hiyo kadi ya chanjo ni kadi ya kuzuia saratani ya ini. Waambieni akina mama hivyo hivyo.

Virusi vya papiloma, vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, vina ujanja wa wazi zaidi: vinatengeneza protini inayoikamata p53 na kuipeleka kuvunjwa. Seli inabaki na kasoro zake bila wa kuihukumu. Mwaka 1951 mama mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, alifariki kwa saratani hiyo. Seli zilizochukuliwa kwake bila ridhaa yake bado zinagawanyika katika maabara za dunia hadi leo. Ni ushahidi wa kutisha wa seli iliyosahau kufa. Lakini saratani hii huchukua miaka mingi kukomaa, na dalili za awali zinaonekana kwa siki: muuguzi anapaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja, na mahali palipoharibika panageuka peupe. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake nchi nzima mwaka 2011, ya kwanza Afrika.

Mto wetu nao umehusika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia safari ya virusi vya Ukimwi kutoka Kinshasa, ukaonyesha kwamba kufikia miaka ya 1950 vilikuwa vimefika Kisangani kwa njia ya mto. Virusi hivyo vinawaua walinzi wa kinga, na saratani zilizokuwa zimebanwa zinapata nafasi. Mojawapo ni ya Kaposi, yenye mabaka meusi au ya zambarau kwenye miguu, ambayo madaktari wa Kongo mashariki na Uganda waliiona kwa wingi hata kabla Ukimwi haujajulikana. Mwenye dawa za Ukimwi anayezimeza kila siku anawarudisha walinzi kazini.

Je, wajua kwamba msaliti anaweza kurudishwa kundini? Mwaka 1975 huko Marekani, watafiti Beatrice Mintz na Karl Illmensee walitia seli za saratani ya panya ndani ya kiinitete kichanga cha panya. Walizaliwa panya wazima, na seli zile zikafanya kazi mwilini mwao kama ndugu wengine. Amri za majirani zilizirudishia adabu.

Na je, wajua kwamba seli za saratani, pamoja na usaliti wake wote, husaidiana? Mwaka 2014 ilionekana kwamba zikisafiri katika damu zikiwa zimeshikana vikundi, uwezo wake wa kuota mahali papya ni mkubwa mara 23 mpaka 50 kuliko moja ikisafiri peke yake. Zimekataa ushirika na mwili, zikaanzisha wa kwao.

Na dawa je? Ua dogo la zambarau au jeupe ambalo watu hupanda mbele ya nyumba, asili yake Madagaska, ndilo linalotoa vinkristini, dawa inayozuia seli isigawanyike. Dawa hiyo pamoja na nyingine chache huiponya saratani ya Burkitt. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wanapona. Hapa kwetu wanapona wachache zaidi, na sababu kubwa ni kufika wakiwa wamechelewa na matibabu kukatishwa njiani kwa kukosa pesa. Hakuna tofauti ya ugonjwa. Hilo linapaswa kutukasirisha.

Basi, ndugu msomaji, ukimwona mtoto ambaye jino linalegea kabla ya wakati wake, au shavu linavimba bila maumivu makali, au jicho linasukumwa nje, au tumbo linajaa upande mmoja, usimpeleke kung'olewa jino, na usikubali mtu amtafute mchawi. Mpandishe toleka, baiskeli ya abiria, umfikishe hospitali wiki hiyo hiyo, uombe kipande cha uvimbe kichukuliwe kipimwe, na matibabu yakianza usiyaache katikati.